Kabla ya Jumanne ya Uraia

Buffalo, New York
Jumatano, tarehe 9 Oktoba

Kwako dada yangu Kostansia,

Kabla ya lolote pokea salamu zangu, na uniambie mguu unaendeleaje. Juzi kwenye simu ulisema umevimba tena kwa kusimama ghalani saa kumi mfululizo, nami nikakukatisha nikasema nina wageni. Sikuwa na wageni, dada. Je, Florida anakusaidia kazi za nyumbani, au naye shule imemmeza? Huku tu wazima. Gracieuse wangu bado anahudumia wazee kwenye kile kituo, na Kirezi amefika kimo cha mama yake. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, ukimkaripia anakujibu Kiingereza cha haraka zaidi. Baridi imeanza kutunyemelea.

Najua unachohesabu ni Jumanne ya tarehe 22, siku ya mahojiano yako ya uraia. Umeangushwa na Kiingereza mara mbili, umelia mara mbili, na sasa umetimiza miaka hamsini na mitano, umri ambao sheria inakuruhusu kuulizwa kwa Kiswahili. Ukiapa tu, unamwombea Mama karatasi. Sisi wa grinkadi, wenye ruhusa ya kuishi tu, haturuhusiwi kumleta mzazi, raia anaruhusiwa. Mama ana miaka sabini na minane, yuko peke yake kule nyumbani Makamba, na kila nikimpigia ananiuliza kama Kostansia ameshafaulu. Haniulizi habari zangu hata kidogo! Mara tatu nimekupigia wiki hii nikitaka kukueleza jambo, na mara zote tatu umeanza kunisomea majibu ya maswali, nani anatunga sheria, majaji ni wangapi, nami nikakosa ulimi. Ndiyo maana naandika. Mirindi, yule Mkongo dereva wa lori, anapita Louisville keshokutwa na atakukabidhi mkononi. Kaa chini usome polepole.

Unajua nina duka na Gaudiosi. Ninachokificha ni mengi, basi acha nianze na yeye.

Gaudiosi huyo huyo wa Kanembwa, tuliyekua naye kambini mlango kwa mlango. Baba wa ubatizo wa Kirezi. Mtu aliyelala kwenye kochi lako mwaka mzima alipofika Amerika, ukimpikia ugali na dagaa, hadi alipopata kazi Columbus. Yeye alipata uraia mapema, unakumbuka tulivyomshangilia. Basi miaka miwili na nusu iliyopita alikuja Buffalo kunitafuta kiwandani, nikiwa bado nafungasha nyama, akaniambia mlango umefunguka. Jimbo la New York limehalalisha bangi, na leseni za kwanza wanataka kuwapa watu waliowahi kukamatwa nayo enzi za marufuku, kuwafuta machozi. Ile kesi yangu ya mwaka 2013, ya kile kimsokoto kimoja, uliyonisema hadi nikakimbilia bafuni, eti leo imekuwa cheti! Nilicheka. Nikamwambia kule kambini mtu wa bangi alikuwa anapigwa na sungusungu halafu anapelekwa Kibondo kufungwa. Akasema ndiyo Amerika hiyo, kesi inazeeka inakuwa mali.

Tukafungua. Dada, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na nimefanya kazi ya kuchuna ng'ombe. Leseni ilikwama mwaka mzima kwa sababu watu walishtakiana mahakamani, na chumba tumeshakipanga, tunakilipia kikiwa tupu. Benki ya kwanza ilinisikiliza kwa heshima hadi niliposema neno bangi, ikanisindikiza mlangoni. Ya pili ikanifungia akaunti kwa barua. Kila kipakiti kina namba yake kwenye kompyuta ya jimbo, na kikipotea kimoja unaandika maelezo kama mtu aliyeua. Wakaguzi wakaja na futi kupima kamera iko juu kiasi gani. Na huku ng'ambo ya barabara kuna kijiduka cha sigara kinauza bangi hiyo hiyo bila leseni, bila namba, bila kodi, na wateja wanavuka kwenda kwake wakinipungia mkono. Nikilalamika naambiwa niwe na subira.

Kanisani nilidanganya. Nilisema ninauza dawa za asili. Mungu anisamehe, kwani Jumatatu iliyofuata Mzee Ruhimbika wa kwaya alikuja na fimbo yake na kichupa cha vidonge vya presha kuniuliza kama ninavyo vya namna ile kwa bei nafuu. Akasimama katikati ya duka akasoma mabango yote, ingawa hajui kusoma Kiingereza, akaniangalia, akasema harufu hii anaifahamu tangu Kigoma. Hakumwambia mtu. Ila tangu siku hiyo ananisalimu kwa mkono wa kushoto.

Sasa kilichonipata. Mwezi wa sita nami niliitwa kwenye mahojiano ya uraia. Nilijiandaa kama bwana harusi. Ofisa alikuwa mama mpole, akaniuliza kazi yangu, nami nikamjibu kwa kifua kipana kwamba nina duka langu mwenyewe. Halafu, dada, nikafanya ujinga ambao sidhani kama Mmarekani yeyote angeufanya. Nilikuwa nimeibandua leseni ukutani nikaja nayo ndani ya plastiki, yenye nembo ya jimbo. Tulivyofundishwa kambini, kila karatasi ya serikali ni ngao, ukiwa nayo unaionyesha kabla hujaulizwa. Nikamwekea mezani kwa mikono miwili. Yule mama akaacha kutabasamu. Akaandika, akaandika, akaniuliza tangu lini, nani mwingine, nami namjibu kila kitu kwa furaha nikidhani ananisifu.

Wakaninyima. Barua ilisema mimi sina mwenendo mwema. Mimi! Ninayelipa kodi mpaka ya vumbi!

Gracieuse akanipeleka Amherst kwa wakili mmoja Mkongo wa Bukavu, anaitwa Alliance. Alisoma barua ile huku akitikisa kichwa, akanieleza kwa Kiswahili chao cha kuchanganya Kifaransa, donc hapa na bon pale, kwamba jimbo na serikali kuu ni watu wawili wanaokaa nyumba moja bila kusalimiana. Jimbo linasema bangi ni halali na linachukua kodi yake. Serikali kuu bado inaiita dawa ya kulevya, na uraia unatolewa na serikali kuu. Kwa raia, hakuna wa kumgusa. Kwa mtu wa grinkadi, kuwa na duka la bangi, hata lenye leseni, ni kama kukiri kwamba unauza madawa, na huko mbele hata grinkadi yenyewe inaweza kutikiswa. Akasema kila wakili wa uhamiaji analijua hilo, na akashangaa kwamba hatukuuliza mtu kabla ya kuanza.

Nikapanda basi hadi Columbus bila kumpa taarifa. Nilimkuta Gaudiosi kwake Reynoldsburg, amevaa kandambili, anatazama mpira. Mkewe Bamurange alinikaribisha chai. Nikamsimulia yote, nikidhani namletea msiba wetu sote. Alinisikiliza akichezea rimoti. Akasema pole, mambo ya Amerika hayo, tutatafuta njia. Hapo Bamurange akatoka jikoni na kitambaa cha vyombo mkononi, akamwambia mumewe mbele yangu kwamba amechoka kulibeba. Wao walikwenda kwa wakili kabla hajaja kunitafuta Buffalo. Wakili aliwaambia wazi kwamba asiye raia asiweke jina lake kwenye biashara hii. Bamurange alikuwa amekaa hapo hapo, amesikia kwa masikio yake.

Nilimgeukia Gaudiosi nikisubiri akane. Hakukana. Alisema kama angeniambia ningekataa, na bila kesi yangu leseni isingepatikana. Akaongeza kwamba hakujua kama ningekuwa mjinga wa kuwapelekea leseni mpaka ofisini kwao.

Ameniuza mchana kweupe, dada. Nimekula naye sahani moja tangu sina meno ya mbele. Siku tunapata leseni ile alinikumbatia akalia, na alikuwa anajua! Alikuja kwenye sherehe ya Kirezi ya kumaliza darasa la nane akasimama kunisifu, na alikuwa anajua. Nilitaka kumpiga. Nikaishia kumwaga chai kwenye zulia lao, na Bamurange akapiga magoti kuifuta huku akiniomba radhi mimi. Nikatoka nikatembea hadi mguu ukaota lengelenge. Moyo wangu haujatulia tangu siku hiyo, na ningependa barua hii iishie hapa, unihurumie, umlaani Gaudiosi, tulie pamoja.

Lakini haiishii hapa. Kuna jambo, nami ndiye niliyelifanya, na sina wa kumsingizia.

Karatasi za kuomba leseni zilitaka kwamba miongoni mwa wenye duka awepo mtu aliyewahi kuendesha biashara halali ikasimama angalau miaka miwili. Mimi sikuwahi. Gaudiosi akaniuliza, si dada yako ana ile ofisi yake ya kushona vitenge, imeandikishwa huko kwake Kentucky? Nilikuwa na karatasi zako zote. Kila mwezi wa kwanza unanitumia picha zake nikujazie kodi, na grinkadi yako, na saini yako, kwa sababu uliniambia Kiingereza chao kinakuumiza kichwa na mimi ndiye macho yako. Nikaandika jina lako. Wewe ni mmoja wa wenye duka, Kostansia. Tangu siku ya kwanza. Ulipofika mstari wako wa kusaini, nikasaini mimi.

Sikuona kama ni wizi. Kambini nani hakumsainia mwenzake kwenye posho? Wewe ulisimama kwenye foleni ukatia dole gumba kwa ajili yangu miaka mingapi, nikiwa shuleni au nina malaria? Nilidhani jina lako ni langu na langu ni lako. Nilijiambia nitakushtua siku duka litakaposimama, nije Louisville nikuambie acha ghala, una sehemu yako. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Ukweli mwingine ni kwamba nilijua ungekataa. Nimeyaandika maneno hayo na nimeyatambua. Ni yale yale ya Gaudiosi.

Na mwezi wa pili ulipotaka kuomba uraia upya, ni mimi tena niliyekujazia ile fomu. Palipouliza kazi na biashara nikaandika ghala na cherehani tu. Palipouliza mambo ya madawa nikajibu hapana, haraka, bila kukusomea. Wakati huo sikujua hatari yake. Lakini mwezi wa sita nilijua, na hii ni Oktoba. Miezi minne nimekusikiliza ukikariri majibu, nikanyamaza.

Wiki iliyopita Alliance alipofika kwenye orodha ya wenye duka aliniuliza Kostansia Kwizera ni nani. Nikamwambia ni dada yangu, yuko Louisville, tarehe 22 anaulizwa. Aliweka kalamu chini, na zile donc zake zote zikamwishia. Akasema jina lako limo kwenye kompyuta, na ukikaa mbele ya ofisa ukaapa kwamba huna biashara nyingine, wataona ni uongo, na uongo chini ya kiapo ni mbaya kuliko hilo duka.

Kwa hiyo nakusihi usiende peke yako. Nyuma ya barua hii nimeandika namba ya wakili wa hapo Louisville, amekubali bila malipo. Atajua kama usogeze siku au uende. Ofisa akikuuliza, usinifichie chochote. Usiseme ulijua kidogo, usiseme ulinipa ruhusa. Nakufahamu, utataka kunifunika kama ulivyonifunika siku zote. Safari hii usithubutu! Mwambie hukujua, maana hukujua, kisha mpe barua hii. Alliance ameshaitafsiri, nakala imo ndani. Yeye kama wakili wangu alinikataza kuiandika. Alisema ninajifunga kamba mwenyewe, kwamba kughushi saini ni kosa jipya na wanaweza kunirudisha nisikokujua. Nimemsikia. Lakini Mama anakusubiri wewe, na mimi sina kingine cha kukurudishia.

Ukikasirika kasirika, ukiona huwezi kupokea simu yangu usipokee. Florida umwambie mjomba anamsalimu, na umbusu kwa niaba ya Kirezi. Wasalimu akina mama wa kwaya yenu. Mama ukimpigia, usimwambie bado, mwambie tu tunaongea. Gracieuse anajua yote tangu jana na hajanisemesha, ila ameniomba niandike kwamba anakupenda. Bwana akulinde barabarani uendako kazini na urudipo.

Wakitaka kulinganisha mwandiko, nimewaandikia hapa chini. La kwanza ni jina lako, kama nilivyolisaini siku ile kwenye karatasi za duka. La pili ni langu.

Kostansia Kwizera

Methodi Nshimirimana