Feza, Mtoto wa Jimbo

Jumatatu, 2 Juni

Mazoezi alfajiri, barabara ya uwanja wa ndege. Uwanja wetu wa chini bado una maji. Ziwa lilipanda, halijarudi. Upepo mkali, vumbi machoni. Wasichana sita. Feza mbele ya wote katika mita mia nane, kisha akaanza kupiga soga kabla wenzake hawajafika. Nilimgombeza: mwenye pumzi ya kusema hakukimbia. Akacheka. Ana miaka kumi na tisa na hajui kuniogopa. Ndiyo matunda ya kulelewa nami, baba yake, peke yangu.

Michezo ya majimbo ni mwezi ujao, Kinshasa. Wasichana wanadhani ilianza na wao. Niliwakalisha chini nikawaambia. Mimi niliikimbia nikiwa kijana, jimbo letu likiitwa Shaba. Treni mpaka Lubumbashi, tumelala juu ya magunia ya mahindi. Kisha ndege ya jeshi mpaka Kinshasa, hakuna viti. Majimbo yalikuwa machache, gwaride linaisha kabla jua halijawa kali. Baadaye Shaba ikarudi kuitwa Katanga. Vita vikaja, michezo ikalala. Ikaamka, ikalala tena. Katanga yenyewe ikakatwa vipande vinne, kimoja ndicho hiki chetu, Tanganyika. Mmoja akauliza medali yangu sasa ni ya jimbo gani. Nikamjibu sikupata medali. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Alhamisi, 5 Juni

Mkuu wa komite ya uteuzi alisoma majina. La Feza halimo.

Nilidhani ameruka mstari. Hakuruka. Akasema mbele ya makocha wote: "Mwalimu, mbio ya ule mutoto tunaijua. Lakini wewe ni mutu ya Fizi. Kila jimbo inaleta watoto yake, njo sheria. Wengine watareklame, watapeleka malalamiko, tutafutiwa matokeo yote."

Ni kweli, mimi ni Mbembe wa Fizi, na Fizi iko Kivu Kusini. Nilikuja hapa kusoma nikiwa mtoto, sikurudi. Feza kazaliwa hospitali ile ile inayoonekana dirishani pa chumba cha mkutano. Kivu Kusini hawamjui hata kwa sura. Asipokimbia kwa Tanganyika hakimbii popote.

Niliwaambia: mimi nilikimbia kwa Shaba na hakuna aliyeniuliza babu yangu kazikwa wapi. Waliniuliza muda wangu tu. Mkuu akajibu kwa upole kwamba hiyo ilikuwa zamani. Upole wake uliniudhi kuliko matusi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimemwambia Feza. Hakulia. Aliosha vyombo, akavipanga, akavitoa akaviosha tena.

Jumapili, 8 Juni

Baada ya misa mkuu alikuja nyumbani. Si mtu mbaya, inabidi niandike hivyo. Alikunywa chai, akatoa alichokuja nacho. Mama yake Feza, marehemu mke wangu, alikuwa Mtabwa wa Mpala, humu humu Tanganyika. Kwetu Wabembe mtoto ni wa baba. Kwa Watabwa mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Kila mtu hapa mjini Kalemie anajua hivyo. Basi mjomba aje, aseme mbele ya komite kwamba mtoto ni wao. Nami baba nikubali mbele ya watu. Hapo hakuna jimbo litakaloweza kutugusa.

Mkuu hajui anachoniomba.

Mjomba huyo ni Kalunga, shemeji yangu. Tulimzika dada yake Mpala, Feza akiwa na miaka kumi. Tulipomaliza matanga Kalunga alikuja hapa na wazee wawili kumchukua mtoto. Alisema, "Mutoto ni wa kwetu." Nilimfungia mlango. Tangu siku ile hatujasalimiana, na Feza hajakanyaga Mpala. Sasa nimwite mwenyewe, aje aseme neno lile lile nililomfungia mlango.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimewafundisha watoto wa darasa la tano methali hiyo miaka na miaka. Sikujua mgongo unauma namna hii.

Jumatano, 11 Juni

Nimempigia. Mtandao ulikatika mara mbili, na mara mbili nilitamani usirudi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikumbusha kitu. Akasema atakuja na boti ya Ijumaa. Ningependa angenitukana.

Jumamosi, 14 Juni

Kalunga alifika jana, ameloa mpaka kiunoni, na gunia la samaki wakavu begani. Amezeeka. Ana paji la uso la dada yake, nilikuwa nimesahau. Feza alimpokea kwa magoti kama inavyopasa, akamwita mjomba, akaenda jikoni na hakutoka.

Tulikula. Kisha Kalunga akasema, bila hasira: "Nikisema mbele ya serikali mutoto ni wa kwetu, shemeji, nimesema. Sitasema mara ya pili kinyume. Wa kumuposa watakuja Mpala. Akifa, mimi njo nitasema azikwe wapi. Na akitoka kwa michezo, anakuja kwetu kwanza, aone kaburi ya mama yake na watu yake."

Nilitaka kusema mengi. Nani alimbeba mgongoni mpaka zahanati usiku wa malaria. Nani alijifunza kusuka nywele kwa jirani. Nikasema, "Sawa."

Nina uchungu na sina wa kumlaumu. Desturi yake ni ya kweli kama yangu.

Jumatatu, 16 Juni

Imekwisha.

Chumba kilijaa. Kalunga alisimama na koti aliloshonewa na dada zake, akasema maneno yale yale manne. Mkuu akanigeukia: baba unakubali? Feza alikuwa nyuma yangu. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Mutoto ni wa kwao." Makofi.

Mkuu akaongeza jambo alilosema ni dogo. Jina langu, Wilondja, kila mtu akilisikia anajua ni Fizi. Heri binti aandikwe kwa jina la mjomba. Hakuna aliyekataa. Nami sikukataa, maana nilikuwa nimeshatoa ng'ombe, nikatae kamba?

Feza alitoka kabla yetu. Hakupanda pikipiki, alikwenda kwa miguu kutoka mjini mpaka nyumbani.

Jumanne, 17 Juni

Hakuja mazoezini. Nimewakimbiza watano. Nimewakimbiza vibaya.

Jumatano, 18 Juni

Leo amekuja, wa mwisho, macho yamevimba. Kalunga alikuwa amekaa juu ya jiwe anatazama, boti yake inaondoka mchana. Feza alisimama mbele yetu sisi wote wawili, akasema maneno haya, nayaandika yasije yakapotea: "Mulinigawa kama samaki, hakuna mwenye aliniuliza. Nitakimbia. Lakini musiniulize nakimbia kwa ajili ya nani."

Kisha akakimbia. Sijawahi kumwona akikimbia hivyo. Saa ilinionyesha muda ambao sikuamini, nikairudisha mfukoni.

Kalunga akaniambia chini kwa chini kwamba dada yake alikuwa na ulimi huo huo. Nikamjibu najua, niliishi nao. Ndilo neno letu la kwanza la kawaida tangu mazishi.

Jumatano, 2 Julai

Timu imeondoka. Sikwenda. Mkuu aliniita pembeni juzi: nikionekana Kinshasa nikimpimia mtoto muda, watu watauliza baba ni nani, na kazi yote itamwagika. Alisema kweli. Nimemkabidhi Feza kwa kocha wa mpira wa mikono, mama mwema asiyejua mita mia nane zinagawanywaje. Nilimweleza Feza mwenyewe: mzunguko wa kwanza uwaache wakupite, mzunguko wa pili ni wako. Aliitikia kwa kichwa. Uwanja wa ndege walikuwapo watu wengi na bendera. Nilimshika mkono kama ninavyowashika wanafunzi wengine. Hiyo ndiyo adhabu niliyojipa.

Jumamosi, 5 Julai

Redio imetangaza ufunguzi. Wametaja majimbo moja moja na ikachukua muda mrefu. Siku hizi ni mengi. Walipofika Tanganyika mtaa mzima ulipiga kelele. Nami nilipiga kelele. Kisha nikaona haya peke yangu jikoni.

Kalunga alipiga simu kuuliza kama nimesikia. Mpala walikuwa na redio moja kwenye baraza ya misheni. Nikamwambia nimesikia. Salio likawa linaisha, hakuna aliyekata simu.

Ijumaa, 11 Julai

Fainali. Majirani wamekuja na viti vyao. Mtangazaji ana haraka, anameza majina. "Feza Kalunga, Tanganyika." Mama jirani akageuka kunitazama, kisha akatazama chini. Yeye alikuwapo nilipomsuka Feza nywele za kwanza, zikasimama kama miiba.

Mzunguko wa kwanza hakutajwa. Vizuri, nikajua anasubiri. Mzunguko wa pili wakamtaja, anapanda, wa sita, wa tano, wa nne. Kisha mtangazaji akaanza kupiga kelele juu ya wawili wa mbele na sikusikia kitu kingine mpaka aliposoma matokeo na muda.

Wa nne.

Majirani waliniambia ni vizuri, mara ya kwanza, mtoto bado mdogo. Wakabeba viti. Wa nne hana jukwaa. Nimemtoa mwanangu mbele ya watu kwa ajili ya nafasi ya nne. Nimeliandika hili niliangalie lilivyo. Ni kubwa na ni bure. Halafu nikakumbuka muda wake alioutaja mtangazaji: ni bora kuliko wowote aliowahi kukimbia hapa. Nilikaa mpaka chai ikapoa.

Jumamosi, 19 Julai

Feza alirudi Alhamisi. Amekonda, amechubuka goti. Alikula, akalala mchana kutwa.

Kalunga alifika jana kumchukua, kama tulivyokubaliana. Leo asubuhi niliwasindikiza kwenye boti. Ziwa lilikuwa na mawimbi madogo ya kiangazi. Nilibeba mfuko wa Feza, viatu vyake vya mbio vimo ndani.

Pale gatini karani anamwuliza kila msafiri jina na kwao, kabla hajapanda. Kalunga alijibu lake. Kisha zamu ya Feza. Alisimama wima, mikono nyuma.

"Feza Wilondja. Baba yangu ni wa Fizi, mama ni wa Mpala, mimi ni wa hapa."

Karani akainua kalamu, akamtazama Kalunga, maana ndiye mkubwa aliyesafiri naye. Kalunga alikuwa anafunga gunia la unga. Hakuinua kichwa. Akasema, "Andika vile amesema."

Nikampa Feza mfuko. Akaniambia mchanga wa kule ni laini, nimwambie apunguze mazoezi kiasi gani. Nikamwambia wiki ya kwanza asikimbie kabisa, akae na watu. Akasema sawa Papa, akapanda.

Boti ilichelewa kuwaka. Nilisubiri na wengine mpaka ikaondoka, kisha nikapitia sokoni nikanunua sabuni.