Kamba ya Mgomba

Embu, 9 Machi

Kwa Mjomba Mugendi, Maua,

Natumai goti lako limepoa. Hapa duka langu la vipuri vya pikipiki linanilisha, na maharagwe yamepata mvua.

Jumamosi tulishindania nafasi moja iliyobaki katika timu ya taifa ya bastola. Risasi sitini, kila moja ina pointi zisizozidi kumi. Ya hamsini na tisa ilinipa saba tu. Mpinzani wangu alishamaliza na 541, mimi nina 532. Tisa ingetufanya tuwe sare. Nilitaka kumi.

Nikakukumbuka ukifoka nilipokuwa nikikufungia vitita vya miraa, pikapu ya kuibeba ikipiga honi nje: "Wee Mukiri, pikapu inakuhusu nini? Angalia vidole vyako! Ukivuta kwa pupa, kamba ya mgomba inakatika. Na hicho kitita kilichoharibika achana nacho, funga kingine!"

Basi ile saba nikaachana nayo. Nikatoa pumzi nusu, nikaacha shabaha ififie, nikatazama ncha ya mtutu peke yake, nikabana kifyatulio polepole mpaka risasi ikatoka yenyewe. Kumi!

Asante sana, Mjomba. Lakini ulinitoa shuleni nikiwa wa pili kati ya wanafunzi arobaini na wanne, nije nikufungie miraa. Hilo bado linaniuma.

Fomu ya timu inauliza nilisoma mpaka wapi. Nimeandika darasa la saba. Inauliza pia mkufunzi wangu wa kwanza ni nani. Nimeandika jina lako.

Mpwa wako,
Mukiri