Shikamoo Iliyosikika Angani

Cedar Hill, Texas
10 Novemba 2019

Kwa Baba yangu mpendwa, Mzee Modestus,

Shikamoo Baba. Goti linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua niliyompa Abigail akuletee Songea imekufikia. Sisi hatujambo, ila wajukuu zako wananijibu Kiingereza tu, na yule mdogo anadhani "shikamoo" ndilo jina lako.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu wewe simu huwa unaiweka spika, na mtaa mzima unachangia. Haya nataka uyajue kwanza peke yako.

Kazi yangu ya makumbusho ya ndege huku Fort Worth imenichosha, Baba. Unajua niliifuata kwa ajili gani. Tangu utoto nasikia watu wakisema ulifukuzwa jeshini kwa kuuza siri, maana wageni walijuaje kamanda wenu kahamia kambi ipi, kama si mtu wa redio kama wewe kuwaambia? Na wewe miaka yote unasema kulikuwa na ndege inapita juu sana, haipigi bomu, haitui, inasikiliza tu. Wakakucheka. Hata Mama, Mungu amlaze pema, alikuwa anaondoka kwenda jikoni ukifika hapo.

Basi ndege ya aina hiyo ninayo hapa, naipangusa vumbi kila Jumatatu. Ndani viti vimeelekezwa kwenye ukuta wa mitambo, kila kiti na vyombo vyake vya kuvaa masikioni. Nimepewa kazi ya kuandika historia yake kwenye kibao. Naandika, wanafuta. Nikiuliza iliruka wapi, naambiwa siri. Wazee waliofanya kazi humo wanakuja kupiga picha na wajukuu. Nikiwatajia Afrika, wanaanza kusifia hali ya hewa. Jamani, hali ya hewa ya Texas nani anaisifia? Siku moja nililipiga teke tairi lake. Nikaumia mimi.

Sasa mwezi uliopita nilikuwa chini ya bawa, namwamkia Mama Celestine wa jumuiya yetu kwenye simu. Mzungu mmoja mzee, anaitwa Wendell, akasimama ghafla, akaniambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba neno hilo, shikamoo, ndilo lililokuwa likiwapa ugali yeye na wenzake. Nilikata simu bila kuaga.

Akanieleza kwamba jeshi lao lilimfundisha Kiswahili, akakaa kwenye kiti kimojawapo humo ndani kusikiliza redio za mpakani kwetu. Alisema askari wetu walikuwa hodari. Majina ya siri yalibadilishwa kila asubuhi, na wao hawakuyapatia kamwe. Lakini vijana wa redio, kabla ya ujumbe, lazima waamkie. Wendell na wenzake wakawa wanangoja tu: anayeamkiwa na wote, naye haamkii mtu, huyo ndiye mkubwa. Mitambo ikawaonyesha marahaba yake inatokea wapi. Na akasema kulikuwa na kijana mmoja ambaye hakuruka shikamoo hata siku moja, hata redio ikikwaruza vipi, na aliivuta sana mwishoni.

Ni wewe, Baba. Ile adabu unayojisifia, kwamba hata mpakani hukuiacha, ndiyo waliyoifuata. Nimeogopa wiki nzima kukuandikia hili. Lakini hukuuza mtu. Ulimwamkia mkubwa wako kama ulivyolelewa, na mimi ukanilea hivyo hivyo.

Nilimtaka Wendell aandike na kutia sahihi. Amekataa, eti aliapa. Nikamwambia Baba yangu naye aliapa, na ninyi mkamponza. Akalia. Sikumbembeleza. Bosi wangu nilimwomba mstari mmoja tu kwenye kibao kuhusu salamu, naye kaufuta. Nimechoka na watu hawa!

Karatasi sitaipata, Baba. Ila nilimganda Wendell mpaka akakubali kukupigia siku ya Noeli, baada ya misa, aseme kwa mdomo wake alichokisikia. Nilimwambia wazi kwamba kutakuwa na watu. Akafikiri kidogo, akasema sawa.

Kwa hiyo siku hiyo weka spika. Iweke mpaka mwisho, na uwaite wote waliokucheka. Ataanza yeye kukuamkia, maana ni mdogo kwako. Kumwitikia au kutomwitikia ni juu yako.

Nisalimie Abigail, na majirani wote, hata wale.

Mwanao,
Prudensia