Askari wa Mlangoni Ndiye Mgonjwa

Waithera,

Usinitafute chumbani. Nimeenda Riruta kwa kaka yako Karanja, kwa kuwa anaishi peke yake. Mto wangu nimeubeba.

Asubuhi daktari wa Hurlingham alinisikia nikikohoa koridoni kabla hata hajaniona. Alinitia kijiti puani hadi machozi yakanitoka, akasema hasubiri majibu: kikohozi changu cha wiki tatu kinafanana sana na kifaduro, dawa nianze leo. Nami nilikuwa nikiwaapia kwamba ni vumbi la Naivasha Road!

Mpeleke mtoto kliniki leo, hata kama hakohoi. Wachanga kama yeye hukata pumzi kimya kimya. Dawa watakayokupa nawe, umeze.

Nitarudi ~~kesho~~ nikimaliza siku tano za dawa.

Mimi ndiye niliyekaa mlangoni na sabuni nikikagua wageni! Jirani yetu Manpreet nilimrudisha na sufuria yake ya supu, eti amepiga chafya. Mwombee baba yako msamaha kwake. Kisha mpe kile kiti changu cha mlangoni, na siku nikirudi, yeye ndiye aniulize kama nakohoa.

Baba yako, guka (babu) wa mtoto