Mpishi wa Ngome Yu Mzima

Kwako Mjomba,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote: namdanganya mama yako kila siku baada ya chai. Vile vitabu vya majoka ulivyonitumia namsomea Bibi kwa kuvitafsiri papo hapo. Mpishi wa ngome alipouawa katika kitabu cha tatu, Bibi alikuwa bado anafuta machozi ya kumcheka. Nikashindwa kumsomea kifo hicho. Nikamponya, na tangu hapo maneno yake yote nayatunga mimi, mimi ambaye darasani hata jina langu nalitaja kwa kunong'ona.

Sasa Bibi amewasimulia wenzake wa cherehani. Jana mmoja alisema mpishi amuoe malkia. Bibi akamkatiza: "Malkia gani, mwenzangu, hata yai hajui kukaanga?"

Jumamosi unakuja, nawe umevisoma vyote. Tafadhali, wakikuuliza, sema mpishi yu mzima na kisu anakinoa.

Kikohozi cha Bibi kimepoa.

Mpwa wako.

Ngoja, nasikia ndala za Bibi mlangoni, na hayuko peke yake. Wanauliza kama harusi ya mpishi ni leo. Barua naisukuma chini ya mto. Harusi yenyewe bado sijaitunga.