Springi za Watu Wawili

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie maana hata kutulia siwezi, nikikaa nasimama, nikisimama natazama pikipiki. Mimi nafanya kazi kiwanda cha saruji hapa Tororo, na pikipiki niliinunua kwa Mzungu wa idara ya barabara alipohamishwa, sasa mke wangu Amulen alikwenda kwao Molo kumuuguza mama yake, nami kila Jumapili nikawa napanda barabara ya mlimani juu ya Mbale, zile kona zimenishika kama homa, lakini springi za nyuma tulikuwa tumezikaza zibebe watu wawili, nikiwa peke yangu zinanirusha, gurudumu linaruka kwenye changarawe katikati ya kona, basi nikachukua spana nikazilegeza, na loo, mshauri, pikipiki ikawa inalala kwenye kona na kunyanyuka bila kunitikisa, nikasahau hata kwenda kumjulia hali mama mkwe.

Mama mkwe akapona, Amulen akarudi, nikampakia twende Busia sokoni. Alipokaa tu, nyuma ikadidimia, na kona ya kwanza chuma cha kukanyagia kikakwaruza barabara, tukaponea chupuchupu kuingia mtaroni. Akashuka, akaziangalia springi, akasema, "Fabiano, pikipiki hii imenisahau mimi. Na wewe pia umenisahau." Akaenda Molo kwa miguu. Nikizikaza nakosa kona, nikiziacha nakosa mke. Je, hakuna kipimo cha katikati?

Fabiano, Tororo

Fabiano, pole, na aibu juu. Mama mkwe yuko kitandani, wewe uko mlimani unachezea spana! Mimi nimekaa nyuma ya pikipiki ya marehemu mume wangu miaka mingi, kwa hiyo usinidanganye. Amulen hakuzikasirikia kona. Ulijua anarudi, spana unayo, na hukumkumbuka.

Kipimo cha katikati achana nacho, kitawasumbua wote wawili. Ukiwa peke yako legeza, mkiwa wawili kaza, ni kazi ya kusubiri chai ichemke. Mlima sikukatazi, ila akiwa nyuma yako mbio uziache.

Jumapili hii huendi mlimani. Zikaze springi nyumbani kabla hujatoka, si ukifika Molo. Nenda hivyo hivyo peke yako, kila shimo likurushe, na usithubutu kusimama njiani kulegeza. Ukifika, msalimie mama mkwe kwa heshima, na hadithi za kujitetea uzimeze. Amulen akikuona unashuka umeshika kiuno, atajua mwenyewe kiti cha nyuma kilikuwa cha nani njia nzima.

Bibi Habibah