Redio ya Liberati

Jumatatu, 3 Juni

Nimefuta vumbi redio. Kila Jumatatu naifuta kabla ya kufagia uwanja. Mbao bado inang'aa pembeni, kitambaa cha spika kimetoboka.

Osmund kapiga simu kutoka Morogoro nikiwa na tambara mkononi. Kuna kijana wa hoteli ya watalii Mang'ula anatafuta vitu vya miaka ya sabini vya kupambia ukumbi. Santuri, taipureta, simu za kuzungusha. Keshamwambia kuhusu redio ya marehemu baba yake. Atakuja kuichukua Jumamosi. Keshamwambia! Kana kwamba na mimi nimeshazikwa.

Nikasema sawa. Sijui kwa nini nilisema sawa. Mwanangu huyu ukisita kidogo anadhani mtandao umekatika.

Jumanne, 4 Juni

Asubuhi yote nimekaa na ile picha. Ndiyo aliyokuja nayo mshenga kwetu, kijijini Mbingu. Liberati kavaa bugaluu, miguuni raizoni, nywele kazichana zikasimama, mkono kauweka juu ya redio kama anaizuia isikimbie. Baba aliitazama akasema mwenye redio ana akili. Mambo ya mahari yakaanza siku hiyohiyo.

Nikaolewa Idete. Nikapekua nyumba, redio hakuna. "Ipo kwa fundi," Liberati akasema. Ikakaa kwa fundi karibu mwaka, mpaka jirani akanionea huruma, akaniambia. Redio ile ilikuwa ya studio ya picha hapa Ifakara. Kila kijana wa bonde hili alipigwa picha nayo. Hata raizoni zilikuwa za studio. Wangapi tuliolewa kwa redio ile moja, Mungu ndiye ajuaye.

Nilimnunia vibaya. Hakujitetea. Akaenda kubeba mataruma kwenye kambi ya reli Mang'ula, msimu mzima wa mvua. Aliporudi alikuwa mifupa mitupu, na kichwani ana boksi la redio.

Ndiyo hii ninayotakiwa kuitoa Jumamosi.

Jumatano, 5 Juni

Haiondoki kabla sijaisikia tena. Nimeamka na neno hilo. Tangu tumzike Liberati haijawashwa.

Nimeifunga kwa khanga, nikapanda bodaboda nimeipakata. Nimempelekea Rajabu, yule anayetengeneza simu sokoni. Kanipa shikamoo, kaicheka redio, kaifungua nyuma, akaacha kucheka. Kasema nirudi Ijumaa.

Kwa hiyo leo kweli ipo kwa fundi. Nimecheka peke yangu njiani. Nilipofika kwenye mashine ya kukoboa mpunga nikawa nalia, watu wakadhani ni pumba zimeniingia machoni.

Alhamisi, 6 Juni

Sijafanya kitu. Uji tu.

Nawaza Idete. Mpira ukitangazwa, uwanja wetu ulijaa. Mtangazaji akisema mpira umekwenda kushoto, wazee wazima wanageuza shingo kushoto. Betri zikichoka tunazianika juani pamoja na dagaa. Kitufe hakigusi mtu ila Liberati.

Siku moja ulipigwa muziki wa dansi akanishika mkono, tukacheza. Mbele ya baba yake! Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa natamani nishikwe hivyo mara moja tu, hata sokoni, hata kanisani, watu waseme watakavyo. Nina hamu naye mpaka mwili unauma.

Ijumaa, 7 Juni

Rajabu kaunga waya uliokatika. Kitaa kinawaka. Moyo ulinienda mbio kama msichana. Halafu hakuna. Inakwaruza tu, sindano iende huku, irudi kule. Nikamwambia bado mbovu.

Kanijibu polepole, "Mama, redio ni nzima. Hewani ndiko hakuna mtu."

Kanieleza. Vituo vyetu siku hizi viko FM, na hii haina FM. Kule kwenye masafa yake wamehama. Labda usiku, nikibahatika, nikamate kituo cha Mchina. Akataka kunifariji. Ataitoa matumbo, aweke bluutuuthi na sehemu ya flashi, itapiga zilipendwa mpaka nichoke mwenyewe.

Nimemkaripia mbele ya wateja wake. Aitoe matumbo! Hakustahili, kijana wa watu. Hasira zangu ni kwa waliohama bila kuaga.

Jumamosi, 8 Juni

Kijana wa hoteli kaja. Mpole, ana adabu. Nimempa chai na mihogo. Nilikuwa nimeshajisemea, chukua, haina kazi tena. Nikamwambia ukweli, kwamba haikamati kituo chochote. Akasema haina neno, ni ya kuangalia tu. Wataiweka kwenye meza karibu na mlango, wageni wapige nayo picha.

Wapige nayo picha. Jamani.

Nikaichukua mapajani mwake. Nikamwambia, "Nyingine ilishapigwa picha za kutosha, mwanangu. Hii ni ya kusikiliza." Hakuelewa, na sikuwa na nguvu ya kumwelezea. Nikamfungia mihogo iliyobaki, akaondoka.

Osmund kapiga simu amefura. Nimemwaibisha. Redio bubu, nasikiliza nini? Nikamkatia simu. Sijawahi kumkatia simu mwanangu.

Jumapili, 9 Juni

Nimetoka misa, nimekula, nimefunga mlango. Nimeiwasha, nikaiweka juu ya mto wa Liberati.

Shhhh. Mwanzoni ikanikera. Baadaye nikaijua.

Enzi zile kituo kilikuwa kinafunga usiku. Wimbo wa taifa, halafu sauti hii hii. Liberati keshalala, redio kifuani. Mimi namnyemelea nizime. Kila mara, macho kayafumba, anasema, "Acha, nasikiliza." Alikuwa hasikilizi kitu, muongo yule. Nami nazima, tunagombana kidogo gizani, tunalala.

Nimejilaza upande wangu, mchana kweupe, viatu vya kanisani bado miguuni. Sikuizima.